Faili Moja la Watu Wawili

"Kuna barua?"

Swali hilo nimelisikia tangu sijajua kusoma. Babangu akirudi mjini, kabla hajavua viatu, sauti ya shangazi yangu ilikuwa ikiteremka ngazini kutoka ghorofani: kuna barua? Babangu alijibu neno moja tu, "Bado," akatundika koti lake, akaomba maji. Hakuna aliyenieleza ni barua gani. Nilipokuwa msichana nikajitungia kisa changu mwenyewe, kwamba Shangazi ana mchumba Maskati mwenye duka la vitambaa na uvivu wa kuandika. Siku moja nikamtania, "Shangazi, huyo wako wa Maskati hana hata kalamu?" Alinitazama, hakucheka, akarudi kwenye kofia aliyokuwa akiishona. Sikurudia tena.

Shangazi alikuwa mdogo wa babangu kwa miaka miwili. Hakuolewa. Waliomposa ninaowajua mimi ni watatu, mmoja wao mtu mzima mwenye nyumba mbili, na wote aliwarudisha na heshima zao. Maisha yake yote ameishi katika nyumba ile ile ya wazazi wake, kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, akishona kofia kwa mkono, zile zenye vitundu vidogo vidogo. Kofia moja humla miezi miwili, na ukimharakisha atakwambia kanunue za mashine.

Mimi nimezaliwa nyumba hiyo, nikaolewa nikatoka, nikaachwa nikarudi, na alhamdulillahi. Ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Kwa miaka ishirini na sita nimepigana na fomu, na nakala za fomu, na watu wanaosema fomu haijafika ilhali wameikalia. Nalisema hili ili ieleweke kwamba mimi si mtu wa kutishwa na faili.

Babangu alikuwa mwanajeshi ujana wake wote. Alipostaafu alirudi nyumbani na saa ya mkononi, goti bovu, na tabia ya kukunja shuka mpaka pembe zikutane. Alifariki mwaka jana, wiki mbili baada ya Idi Kubwa, akiwa amekaa kwenye kiti chake akingoja kahawa. Nilimwacha mzima, nikaenda jikoni, nikarudi na kikombe. Mpaka leo mtu akikohoa kichochoroni mkono wangu huenda kwenye komeo la mlango kabla akili haijanizuia. Nimemkosa sana babangu, na silioni hili likipungua.

Baada ya arubaini nikachukua kitambulisho chake cha jeshi na cheti cha kifo, nikaenda katika ofisi inayoshughulikia wanajeshi wastaafu. Nilimkuta mama mmoja Mgiriama, wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni, ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuvaa magwanda. Alinipokea vizuri, akanipa pole, akasema ataagiza nakala ya faili kutoka makao makuu Nairobi ili alifunge. Nikadhani mambo yamekwisha. Mwezi mmoja baadaye akanipigia simu niende.

"Dada, pole tena na msiba," akaniambia nilipoketi. "Lakini hebu nisaidie. Marehemu alifariki mara ngapi?"

"Ala! Mara ngapi tena? Mtu hufa mara ngapi?"

Hakukasirika. Aligeuza karatasi upande wangu. Ilikuwa nakala ya ukurasa wa zamani, umeandikwa kwa mkono. Juu kulikuwa na jina la babangu na jina la babake, kisha jina la nyanya yangu kama mama, kisha nyumba yetu, na mwaka wa kuzaliwa. Chini yake: ameuawa akiwa kazini, mpakani kaskazini. Mstari huo ulikuwa umekatwa kwa wino, na pembeni mtu ameandika: makosa, mtu huyu yuko hai.

"Tazama nambari," akasema yule mama.

Nikatazama. Haikuwa nambari ya babangu. Ilikuwa pungufu kwa moja. Nayo imekatwa, na mhuri umepigwa juu yake: imefutwa, ameandikishwa mara mbili.

Tulikaa nalo faili lile asubuhi nzima, tukalisoma ukurasa kwa ukurasa, mpaka mkasa ukatufungukia. Siku babangu alipoandikishwa, mbele yake kwenye foleni alikuwa amesimama kijana mwingine. Jina lake lilikuwa lile lile la babangu, kwa sababu wote wawili walizaliwa katika mwezi mmoja wa Kiislamu, na zamani mtoto wa mwezi huo alipewa jina la mwezi wake bila mjadala. Jina la babake nalo lilikuwa moja kati ya majina manne matano ambayo nusu ya wanaume wa Mji wa Kale wanayo. La babu hawakuliandika. Mwandishi wa siku zile aliona mawili yatosha. Tarehe ya kuzaliwa hawakuijua, wakaandikiwa mwaka tu. Mpaka hapo sikushangaa, mambo haya kwetu ni ya kawaida. Lakini wote wawili walikuwa wametaja mama mmoja na nyumba moja.

Yule kijana akauawa. Habari ilipofika makao makuu, karani mmoja akafungua vitabu, akaona jina, akaona mama, akaona nyumba, kisha akamwona mtu wa jina hilo, wa mama huyo, wa nyumba hiyo, yuko kambini mzima na anakula. Mama hawezi kuzaa wana wawili mwaka mmoja akawaita wote jina moja. Basi huyu ni mmoja, akasema karani, kaandikwa mara mbili. Akachukua kalamu. Kwa akili za ofisini nisingeweza kumlaumu, kwani hata mimi ningekata. Lakini nilimlaumu, na nikamtukana kimoyomoyo, Mungu anisamehe.

"Ndugu yake?" yule mama akauliza.

"Babangu hakuwa na ndugu wa kiume. Nyanya yangu alizaa wawili tu, babangu na shangazi yangu."

Akanisogezea karatasi tatu za mwisho. "Hizi aliandika marehemu mwenyewe."

Herufi nilizijua kabla sijasoma neno. Zilikuwa zile zile zilizosimama wima, alizokuwa akiniandikia jina langu kwenye madaftari ya shule. Barua tatu, kwa miaka mbalimbali, na maneno karibu yale yale: naomba barua rasmi ya kifo cha ndugu yangu aliyeuawa kaskazini, ipelekwe nyumbani kwetu, kwani dadangu anaingoja. Kila moja ilibanwa pamoja na jibu lake. Majibu nayo yalifanana: kumbukumbu zaonyesha kwamba mtu unayemuulizia ni wewe mwenyewe.

Nililia pale pale mbele ya mtu nisiyemjua, kwa sauti, na sikuona haya. Mara tatu babangu alimuulizia mtu akaambiwa ni yeye. Kisha akarudi nyumbani, akasimama pale chini ya ngazi, akaulizwa kuna barua, akasema bado. Angesemaje? Angemwambia dadake kwamba serikali yasema mtu huyo hakuwahi kuwepo?

Yule mama alingoja nimalize, akanipa kitambaa. Akaniambia kosa linaweza kurekebishwa, ila makao makuu hawatagusa faili kwa maneno matupu. Wanataka karatasi ya wakati ule ule, ya kabla ya kuandikishwa, inayoonyesha kwamba watu walikuwa wawili, majina yao kamili mpaka la babu, na kwa nini mama akawa mmoja. Nikamwambia nitaileta. Nilisema hivyo kwa hasira tu. Sikuwa najua hata natafuta karatasi ya nani.

Nilipofungua mlango wa nyumbani sauti ikateremka: "Kuna barua?" Tangu babangu afariki, swali lilikuwa limehamia kwangu.

Nikapanda ngazi na viatu vyangu. "Shangazi, ni nani huyu?"

Nikamweleza yote kwa pumzi moja, foleni, nambari, mhuri. Nilipofika kwa yule kijana aliyemtaja Nyanya kuwa mamake, sindano ikasimama mkononi mwake.

"Umemwona wapi?" akaniuliza. Alisema hivyo hasa, umemwona wapi.

"Sijamwona, Shangazi. Nimeona nambari yake imekatwa. Wasema ni mtu mmoja na Baba. Wasema hakuwepo."

"Hakuwepo," akasema.

Nikamwambia na za babangu, barua tatu na majibu matatu. Aliweka kofia chini, akainuka polepole kwa kushika ukuta, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Siku mbili hakusema nami ila salamu na "chumvi imezidi."

Siku hizo mbili mimi nilizunguka. Msikitini mzee mmoja alimkumbuka kijana yule, kwamba kwao walikuwa majirani zetu hapa kichochoroni, kisha wakahamia Majengo yeye akiwa bado anatambaa, babake akawa hamali bandarini. Nikaenda Majengo. Nyumba yao imekuwa duka la saruji. Babake alifariki zamani, mamake kabla ya hapo, na hakuwa na ndugu. Nilipata kitu kimoja tu, na nilikipata nyumbani, kwenye Msahafu wa babangu: picha ya vijana wawili waliovaa magwanda mapya yasiyowaenea, wamewekeana mikono mabegani. Babangu anacheka. Mwenziwe anatazama pembeni, mbali na kamera. Nikaikimbiza ofisini. Yule mama aliitazama sana, akasema ni picha nzuri, lakini picha haisemi nani ni nani.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, Shangazi akaniita.

"Ndoo huku, mamangu. Funga mlango."

Alikuwa amekaa chini mbele ya sanduku lake, lile la misumari ya shaba ambalo tangu utoto tumekatazwa hata kuliegemea. Lilikuwa wazi. Pajani mwake kulikuwa na kipande cha kanga kilichofifia, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Babako nalimwambia nimeichoma," akasema. "Nimemuongopea nduguyangu mpaka amekufa. Kaa."

Nikakaa.

"Huyu alitaka kunioa mimi."

Akaendelea, macho yake kwenye kanga. Yule kijana alirudi Mji wa Kale akiwa mkubwa, akawa rafiki wa babangu, akawa haondoki barazani kwetu. Shangazi alikuwa akimwona kupitia dirisha la juu, na yeye akimwona kivuli tu, na zaidi ya hapo hapakuwa na kitu, aliniapia. Mwisho akaleta posa. Babu akakubali. Babangu akafurahi mpaka akaruka. Ni Nyanya aliyesema: ngojeni kwanza.

Ikawa kwamba zamani, walipokuwa majirani, mamake yule kijana aliugua homa baada ya kujifungua, maziwa yakamkauka. Nyanya alikuwa na babangu mchanga kifuani. Akamchukua na yule mwingine, akamnyonyesha mpaka mamake akapata nafuu. Lilikuwa jambo la ujirani tu, hakuna aliyelihesabu, hata lilikuwa limesahauliwa. Lakini mtoto aliyenyonya kwa mamako ni nduguyo. Hamuoani, abadan. Tumaini lilikuwa moja tu: sheria yataka awe amenyonya akashiba mara tano au zaidi. Ikiwa ni mara moja mbili, haihesabiwi.

"Tukaenda kwa sheikh," Shangazi akasema. "Mimi, mamangu, babako, na yeye. Sheikh akamuuliza mamangu kwa yamini: umemnyonyesha mara ngapi? Mimi nimekaa nyuma yake. Nikavuta buibui lake, hivi. Nikavuta tena. Mamangu alijua nataka nini. Akasema, siku saba."

"Angesema hakumbuki," nikamwambia.

"Angesemaje uongo mbele ya Mungu kwa ajili yangu? Lakini nalimchukia, mwanangu. Mwaka mzima nalimchukia, na huku nampikia."

Sheikh akaandika hukumu. Kisha akamwambia yule kijana, kwa upole, kwamba sasa huyu ni mamake, huyu ni dadake, na ana ruhusa kuingia ndani wakati wowote apendapo. Shangazi alicheka alipofika hapo, kicheko kibaya. "Alipokuwa mchumba wangu sikumwona ila dirishani. Alipokuwa ndugu yangu, wakamleta mpaka jikoni, nimtilie chai mimi, kichwa wazi." Alikuja mara moja hiyo. Hakuimaliza chai. Wiki ya pili yake akaenda kujiandikisha jeshini, na babangu akamfuata, maana hakutaka aende peke yake.

"Siku wanaondoka alisimama pale chini ya ngazi," akasema. "Akanambia, Dada, habari yangu itakuja nyumba hini. Barua itakuja kwako. Aliniita dada. Siku hiyo tu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alimtaja Nyanya kuwa mamake. Mamake wa kumzaa alikuwa amekwisha kufa. Angeweza kumwandikisha babake, angeweza kuandika Majengo. Aliandika nyumba yetu ili barua ijue pa kuja. Na kwa kuandika hivyo ndivyo barua ilivyokosa kuja.

Babangu alirudi likizo ya kwanza na habari mdomoni, kwamba ameuawa, kwamba wenziwe wamemzika huko huko. Hitima ikasomwa. Shangazi hakuteremka. Alisema aliambiwa barua, hakuambiwa maneno, na mpaka barua ije yeye hamlilii mtu. Hata hakumlilia, miaka yote hiyo. Alishona kofia.

Akaniwekea karatasi mkononi. "Wataka majina mpaka la babu? Yamo. La babako na lake, yote mawili."

"Shangazi, watu wataisoma. Ofisini, kwa kadhi. Watajua."

"Wajue," akasema. "Mimi mato yangu hayaoni tundu la sindano siku hizi. Nangoja nini?"

Hukumu ile ilikuwa ya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, mkono mzuri, wino wa kahawia. Ofisi ya jeshi isingeweza kuisoma, basi ilibidi ipelekwe kwa kadhi ikaandikwe upya na kupigwa mhuri. Shangazi akasema atakuja mwenyewe. Alivaa buibui lake la kutokea, akatembea Ndia Kuu yote kwa miguu, amenishika mkono, akisimama kila mlango kupumua na kunambia nisimvute.

Karani wa kadhi alikuwa mzee mtaratibu. Alivaa miwani, akakunjua karatasi, akasoma kwa sauti huku mwenziwe akipiga taipu. Akasoma jina la binti. Akasoma jina la kaka yake wa kuzaliwa, mpaka la babu. Kisha akasoma jina la yule mwingine, mpaka la babu, na kwamba amenyonya siku saba hadi kushiba, na kwamba hao ni ndugu na ni haramu wao kwa wao maisha.

"Tafadhali," Shangazi akasema kutoka kitini. "Rudi hapo."

"Hapo penye hukumu, mama?"

"Penye jina lake."

Mzee akalisoma tena, majina matatu, polepole. Shangazi akafumba macho. Hakuna mtu aliyekuwa amelitamka jina lile zima, mpaka la babu, mbele yake tangu babangu aache kulitamka, na babangu aliacha kulitamka kabla mimi sijazaliwa. Mzee alimtazama, akalitazama jina la binti kwenye karatasi, na nadhani akafahamu. Alipiga mhuri mara mbili ili utokee vizuri.

Yule mama wa ofisini alipokea hukumu na nakala yake yenye mhuri, akaisoma nakala yote. Akavua miwani. "Mbona karatasi hii mtu ameiweka miaka yote?" akauliza. Nikamwambia ni kisa kirefu. Akauliza kama tunadai malipo yoyote. Nikampandishia sauti, nikamwambia hatudai hata shilingi, twadai barua moja tu. "Basi dada, tulia," akasema, "mimi niko upande wenu," na kweli alikuwa. Akaandika maelezo yake mwenyewe kurasa mbili, akaambatisha picha, akatuma Nairobi.

Tukangoja. Ikapita Ramadhani, ikapita Idi ya kwanza bila Baba. Jicho la kushoto la Shangazi likazidi ukungu, daktari akasema ni mtoto wa jicho, lipasuliwe. Shangazi akasema si sasa. Kila jioni nikirudi Kilindini swali lilikuwa likinipokea. Na mimi nikawa nasema, "Bado." Nililisema nikiwa nimeinama navua viatu, na siku moja nikatambua kwamba babangu naye aliinama hivyo hivyo. Kumbe hakuwa akiangalia viatu. Natamani ningejua akiwa hai. Natamani hata siku moja ningemwambia, Baba, leo mwache niseme mimi.

Barua ilikuja Jumatatu. Yule mama hakuiamini posta. Alinipigia simu niifuate, akanikabidhi kwa mikono miwili. Sikuifungua. Nilirudi nayo kifuani ndani ya buibui, mchana wa jua kali, nikapita Ndia Kuu bila kumwamkia mtu.

"Mbona mapema?" Shangazi akaita kutoka juu. Kisha, kwa mazoea, "Kuna barua?"

Nikasimama chini ya ngazi. "Iko, Shangazi."

Nilipofika juu nilimkuta amesimama katikati ya chumba, kofia imeanguka, mikono yake haijui iende wapi. Nikamketisha. Akaishika bahasha kwanza, akaipapasa pembe zake, akaisogeza kwenye jicho lake zima, kisha akanirudishia.

Nikasoma. Kwamba kumbukumbu zimerekebishwa. Jina lake, la babake, la babu yake. Nambari yake, ile pungufu kwa moja, imerudishwa. Aliuawa akiwa kazini, akazikwa katika makaburi ya Waislamu ya mji ule wa mpakani, na kaburi lake litawekewa jina. Jeshi linaomba radhi kwa kuchelewa na linatoa rambirambi. Mwisho: ndugu wa karibu ni mama, ambaye ni marehemu, na dada.

"Nani?"

"Dada, Shangazi. Wewe."

"Wameandika dada."

"Ndivyo ilivyo kwenye hukumu. Ndiyo iliyowafanya waamini."

"Naam," akasema. "Dada." Akainyosha barua mapajani. Kisha akauliza leo siku gani, nikamwambia Jumatatu, akahesabu kwa vidole. "Mjane hukaa miezi minne na siku kumi. Mwenye kufiwa na ndugu ana siku tatu. Jumatatu, Jumanne, Jumatano." Akanipa vidole vile nivione. "Basi hizo ndizo zangu."

Akavua bangili zake za dhahabu, moja baada ya moja, akanipa nimuwekee. Akajifunga kanga kichwani, akashuka kitini akaketi mkekani, na hapo ndipo alipolia. Sijawahi kusikia mtu akilia vile, hata siku ya babangu. Alimwita kwa jina, majina yote matatu. Nilifungua madirisha. Wanawake wa kichochoroni wakaja na vikombe vya uji na misahafu, wakaketi naye, wakauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyefariki. Nikawaambia nduguye. Wengine walinitazama, maana walijua nduguye tulimzika mwaka jana. Nikasema, alikuwa na wawili.

Alikaa siku tatu. Hakujipaka wanja wala mafuta mazuri, hakugusa sindano. Alhamisi asubuhi nilimkuta mkekani bado, ameshaswali, barua iko mbele yake.

"Leo ya nne?"

"Ya nne, Shangazi."

"Umehesabu sawa?"

Nilitaka kumwambia sikuhesabu sawa. Nilitaka kumpa hata moja zaidi. "Sawa," nikasema.

Akaikunja barua mara nne, akaifunga katika kile kipande cha kanga pamoja na hukumu, akafunga sanduku. Akaoga. Akanyosha mikono nimvishe bangili. Nikamtilia uzi kwenye sindano, nikaenda kazini.

Jioni niliporudi nilifungua mlango, nikainama nikavua viatu, nikakaa hivyo kitambo, nimeinama. Huko juu nilisikia mkasi ukikata uzi. Hakuna aliyeniuliza kitu.